Ukoko wa Sihaba

Sihaba aliingia mlangoni anaongea, mabegi bado mkononi.

"Shikamoo, Mama! Pemba nimeona ng'ombe anachezwa, nusura anirushe! Ngazija wamenipaka liwa uso mzima! Shelisheli nimecheza ngoma mpaka moto ukazimika!"

"Marahaba, mwanangu. Pumua kwanza!"

Siku hizi visiwa havitozi kiingilio. Ukishuka tu gatini, unapewa kitu kimoja wanachokipenda wao, nawe unakipenda kama umezaliwa nacho. Wao wanachukua kimoja unachokipenda kwenu, kiwe chao, na wewe hukumbuki tena kama uliwahi kukipenda.

"Na wewe wamekuchukulia nini?" Mama aliuliza.

"Nitajuaje? Mbona sijapungua popote!" Sihaba akatikisa mabega Kishelisheli, na Mama naye akainuka, wakacheza jikoni huku wanacheka.

Kisha Mama akafunua sufuria. Tangu Sihaba mdogo, wawili hawa waligombania ukoko wa wali wa nazi kwa vijiko. Leo Mama aliukausha makusudi, mwekundu, unanukia, akaweka vijiko viwili.

Sihaba akachungulia. "Pole, Mama, wali umeungua. Nikautupe?"

"Moto ulinizidi," Mama akasema, akaanza kuukwangua peke yake.

"Basi ungewaona Shelisheli siku naondoka! Watu wazima wanagombania sufuria tupu kwa vijiko, wanakwaruza chini! Nilicheka, Mama, mpaka mbavu zikauma!"

Mama akacheka naye, ila kijiko chake kikabaki hewani.