Ghala Lisilo na Kufuli

Tangu kufuli ziondolewe kwenye ghala la kumbukumbu za marehemu, hakuna tena anayengoja mwenzake amalize.

"Zilileta foleni ya bure, mama," fundi wa ghala alimwambia Tunu. "Sasa mnaingia wote. Anayetoka mwisho, kumbukumbu inabaki kama alivyoiacha yeye."

Asubuhi hiyo Tunu aliingia katika kumbukumbu ya marehemu binti yake, Zamda, kumsuka mistari ya twende kilioni, kama alivyomsuka siku ya mwisho ya uhai wake. Mstari mmoja ukafumuka wenyewe vidoleni mwake. Alipoinua macho akamwona Shaweji, aliyekuwa mumewe, ameketi upande wa pili wa mkeka.

"Siku ile hukumsuka," Shaweji alisema. "Alikuwa na nywele timutimu, na alipendeza."

"Wewe unayesahau hata viatu vyako msikitini? Toka, Baba Zamda, nimalize."

"Tangulia wewe, Mama Zamda."

Tunu akaanza upya, nywele zikafumuka tena. Zamda akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kinauma," alilia. "Mnanivuta."

Wote wawili walimsikia. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuinuka.