Nyumba ya Kulinganishia

Mkunde aliposwa, lakini kwao hakukuruhusiwa kupungua mtu. Mlima mzima ulikuwa umegeuzwa hoteli. Nyumba ya baba yake, Shekigenda, ndiyo pekee iliyoachwa ilivyokuwa, ili watafiti wapime jinsi utalii ulivyowabadilisha wengine.

"Mzee, binti akiondoka kipimo chetu kinaharibika," mtafiti alisema kwa upole.

"Basi muoe wewe, uhamie humu. Kuni za kupasua zipo tele."

Mtafiti alicheka, akaandika na hilo.

Mkunde aliolewa Jumamosi. Jumatatu watafiti wakaleta msichana wa umri wake, akapewa kitanda chake. Kila asubuhi humwambia Shekigenda, "Shikamoo baba," naye huitikia. Mkunde haruhusiwi kukanyaga pale, wala watoto wake. Harusi ile ilimgharimu Shekigenda binti mmoja, na wajukuu watatu ambao hajawahi kuwapakata.