Utepe wa Mgeni Rasmi

"Busia, nijibuni!" Nilipiga kelele kwenye redio ya zamani mara ya nane, ikanijibu kwa mvumo tu. Masafa yake yalizimwa Jumatatu, vituo vyote vya mpakani vikahamia mtambo mpya.

Wetu ulikuwa hapo hapo mezani, bado umevaa nailoni, umefungwa utepe mwekundu. Ulikuwa unamngoja mgeni rasmi, Ijumaa.

Konstebo Aluka alilala sakafuni, damu ikipenya taulo nililomfunga pajani. Wezi wa ng'ombe walimpiga risasi kivukoni, alikotumwa peke yake na Inspekta, wakakimbilia Uganda. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa Busia.

"Afande, nifungue hii mpya."

"Una wazimu?" Inspekta aliuliza. "Mkubwa akikuta utepe umekatwa, tutamwambia nini?"

"Tutamwambia Aluka yuko hai."

"Endelea na ile ya zamani. Ni amri."

Amri! Akatoa kitambaa akaanza kupangusa vumbi kwenye nailoni, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Aluka aliomba maji. Inspekta hakugeuka.

Nikamsukuma kando. Fundo lilikuwa gumu, nikalikata kwa meno. Utepe ulikuwa na ladha ya duka. Nikairarua nailoni, nikawasha.

Kabla sijasema neno, sauti ya Busia ikajaa chumbani, safi kama mtu aliyesimama mlangoni.

"Nyinyi mko wapi? Tunawaita tangu asubuhi! Wezi wanakuja kivukoni kwenu, wana bunduki. Msimtume mtu huko peke yake. Mmenisikia?"

Nikamwekea Inspekta kipaza sauti mkononi.

"Mjibu wewe, afande."