Maji ya Siberia

"Ni maji tu hayo. Toa nje, khalas!" msimamizi alisema, akaenda zake.

Kasian, mpakuzi, alibaki na sanduku mikononi, mlangoni mwa ghala la mizigo. Nje, jua la Agosti la Dubai lilikuwa likiunguza sakafu. Karatasi za sanduku hazikukamilika, na ndege ya kulisafirisha ilikuwa imeshaondoka. Lakini ubavuni lilikuwa na maandishi mekundu: lisipate joto.

Mwezi uliopita mwenzake alirudishwa kwao kwa ubishi mdogo kuliko huu. Kasian akavuta pumzi, akaliingiza sanduku kwenye chumba cha baridi, katikati ya maboksi ya waridi.

Asubuhi alifika mwenye sanduku, mama mtafiti, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Chupa za maji zilizokuwa sandukuni alizijaza kwenye mto wa Siberia, ambako ardhi iliyoganda maelfu ya miaka sasa inayeyuka, na mito inatoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefichika ardhini humo. Alitaka kuipima. Maji yakipata joto, hewa hujitenga na kuwa kiputo shingoni mwa chupa, na kazi ya miaka miwili huharibika.

Aliinua chupa ya kwanza kwenye mwanga. Akaipindua taratibu.

Maji yalijaa hadi kwenye kizibo. Hapakuwa na kiputo hata kimoja.

"Nani aliyaweka kwenye baridi?" aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Msimamizi alifungua kinywa, lakini Kasian alimtangulia.

"Ni mimi, madam," alisema, na ghala zima likasikia.