Mwanya wa Mwanakheri

"Panua mdomo kidogo, bibi," alisema Daktari Nuswe, akikaza jino jipya kwenye skrubu iliyokwisha kushikana na taya. Mwanakheri akapanua. Siku hizi sheria haikumruhusu mtu kukaa na pengo, na meno yote ya kupandikiza yalitoka kiwandani kwa kipimo kimoja, yakigusana.

"Na mwanya wangu?" aliuliza alipopata nafasi.

"Kwa mashine za kiwandani, mwanya nao ni pengo, bibi yangu."

Shamte, mumewe, alidakia kutoka kitini kwake pale sebuleni. "Daktari, huo mwanya ndio nilioutolea mahari. Usiniharibie mali!"

Wote wakacheka. Majina ya wanawe yalikuwa yameshamtoka Shamte akilini, na njia ya msikitini pia. Lakini kila asubuhi, alipoamka na hofu, Mwanakheri alimchekea, naye akiuona mwanya hutulia. Hata meno mawili ya mbele yalipong'oka, mkewe alivaa ya bandia, aliyoyachongesha yakiwa na mwanya uleule. Leo daktari alikuwa ameyachukua, kama sheria ilivyotaka.

Jino la kwanza likakaa. Shamte akasogea, akamtazama mkewe mdomoni, mahali pa jino la pili palipobaki wazi.

"Mwanya umenenepa huu," akasema, akatulia.

Daktari akaanza kufunga vifaa vyake. "La pili kesho asubuhi, tumalize."

Mwanakheri alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika mkono.

"Njoo kesho jioni, mwanangu," akanong'ona. "Asubuhi huwa ananitafuta."