Mdomo wa Bomba

Chaza wa baharini wanaotaka maji yenye baridi walikuwa wakifa birikani, na Mkwiji, bwana mradi, alikuja kuwanyang'anya akina mama waliowafuga birika hilo.

"Mmezembea. Bomba linavuta maji yenye baridi kutoka kilindini, nilipima mwenyewe."

"Ulipima wakati wa kaskazi, baba," alisema Bi Mwatime, mwenyekiti wao. "Sasa ni kusi; upepo huu huvuruga maji ya juu, na baridi huzama chini zaidi ya mdomo wa bomba lako. Tulikwambia siku ile, ukacheka."

Wakampandisha mashuani. Bi Mwatime akafunga chupa ya mafuta ya nazi kwenye kamba yenye jiwe, akaishusha hadi kwenye mdomo wa bomba. Wakati wa kaskazi, hapo hapo, mafuta yalipanda yameganda, meupe kama samli. Leo yalipanda yakichezacheza.

Mkwiji aliyatazama.

"Bomba refu halipo," alisema taratibu. "Na wageni wanaotoa fedha za mradi wanakuja. Nitaandika kuwa ni uzembe wenu."

"Andika."

Waliporudi pwani, akina mama waliingia birikani na ndoo, wakaanza kuwatoa chaza waliobaki hai kuwarudisha baharini, kilindini kwenye baridi.

"Hiyo mali ya mradi, mama," alisema Mkwiji.

Bi Mwatime alimwekea ndoo moja tupu miguuni, naye asaidie, akaendelea kuwachota chaza.