Kuagana na Mkaguzi

Harlan Moen aliitia mdomoni karameli ya tatu, wala hakuwa na hamu nayo. Marlys, mkewe, alizipika makusudi ziwe ngumu na za kunata, zimgandishe meno mpaka mazungumzo yaishe.

Amri ya kunyamaza ilitoka kwa wakili wao, Renata Cisneros, mwanamke wa Arizona asiyepoteza maneno. Alikuwa kwenye skrini mapema, akimsubiri mkaguzi aingie.

"Mzee Harlan, leo kazi yako ni moja. Uonekane, usisikike. Mkaguzi akiuliza, najibu mimi. Wavumbuzi wengi huponzwa na midomo yao."

"Na akiisema vibaya chipu yangu je?"

"Tafuna."

Chipu hiyo Harlan aliibuni mwenyewe. Ilikaa mlangoni mwa kompyuta kama karani wa zamu, ikiamua kazi ipi itangulie na ipi isubiri, ili mashine isizidiwe ikaganda. Kampuni kubwa ilikuwa tayari kuinunua karakana yake pale Mankato, Minnesota, pamoja na watu wake wote, mradi tu apate hataza, ile haki ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wako na mwingine asiuguse. Mkaguzi alishaikataa mara mbili. Akiikataa tena leo, karakana inafungwa, na mafundi waliozeeka naye wanarudi nyumbani mikono mitupu. Harlan aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," Renata alisema. "Kuna kidonda kimoja siwezi kukitibu. Hukuwahi kuiuza chipu hii zaidi ya mwaka mmoja kabla hatujapeleka ombi? Hata moja? Hapo sheria haina huruma. Ukishauza na mwaka ukapita, hataza imekufa."

"Sijapokea hata senti," Harlan alijibu, na hakudanganya. Ombi lilipelekwa wiki ileile mjukuu wake, mtoto wa binti yake Kirsten, alipoanza kutembea, na hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amemlipa pesa.

Harufu ya nyama ya kuoka ilikuja kutoka jikoni. Marlys alikuwa amefukua kipande cha mwisho chini kabisa ya friza. Kingekuwa cha kusherehekea au cha kupozea machungu, ingetegemea simu itakavyokwenda.

Mkaguzi akatokea. Curtis Nygaard alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, akifanyia kazi nyumbani kwake Virginia, na uso wake haukuonyesha dalili ya kutabasamu. Akaanza kuuliza. Chipu hii ina tofauti gani na ile ya Wajapani iliyotangulia? Fundi yeyote mwenye akili si angeibuni tu? Harlan alitamani kuirukia skrini. Akatafuna. Renata alijibu swali baada ya swali, kwa ufupi, bila kupandisha sauti.

Mwishowe Nygaard alivua miwani, akayafikicha macho.

"Haya, mmenishinda. Ile ya Wajapani niliisoma vibaya. Naipitisha hii. Kesho natia saini."

Harlan aliimeza karameli nzima nzima. Machozi yalimlengalenga. Marlys alitoka jikoni na aproni yake, akamkumbatia kwa nyuma.

"Tunashukuru sana. Kwaheri, bwana mkaguzi," Renata alisema, mkono umeshafika kwenye kitufe.

Lakini Harlan ni mtu wa Minnesota, na kule mtu haagi mara moja. Hujipiga mapaja, akasema basi, akasimama, akaanza habari ya theluji, na akifika mlangoni anaanza upya. Harlan akajipiga mapaja.

"Basi, ndiyo hivyo tena," alisema.

Nygaard akainua uso. "Hayo mapaja nayajua. Wewe ni mwenyeji wa Minnesota hukohuko? Mimi nimezaliwa Bemidji."

"Usiniambie! Bemidji! Na huko Virginia barafu ya ziwani, ya kutoboa uvue samaki, unaipata wapi?"

"Naipata kwenye glasi tu, ndugu yangu."

Wakacheka. Wakazungumza habari za samaki, za mbu, za baridi ya mwaka huu ambayo si kitu ukilinganisha na ya zamani. Renata alikohoa.

"Tunaaga, wakili, tunaaga," Harlan alimtuliza.

"Mama, unapika nini huko?" Nygaard alimuuliza Marlys. "Mke wangu siku hizi ananilisha majani kama sungura."

"Nyama ya kuoka, mwanangu. Ya ng'ombe wa Duane, binamu yake huyu. Ndiyo kipande cha mwisho, ungekuwa jirani ningekukatia."

"Ng'ombe yule alikuwa mtamu!" Harlan alidakia, mdomo wake huru mwishowe. "Duane ana kompyuta inayoendesha mashine ya kukaushia mahindi. Kila mavuno ilikuwa inaganda. Nikamfungia chipu yangu, ya kwanza kabisa kutoka mezani kwangu, na haijaganda tena mpaka leo! Nikamwambia, hela yako siitaki, sisi ndugu. Akakataa katakata. Akasema kazi ni kazi, hutoki hapa mpaka ubebe nusu ng'ombe. Hiyo ilikuwa kabla Kirsten hajaolewa, au siyo, mama?"

Renata alifumba macho. Nusu ng'ombe nayo ni malipo.

Nygaard hakuwa anacheka tena. Aliichukua miwani yake mezani, akaivaa.

"Harlan," alisema kwa upole, "huyo ng'ombe alichinjwa lini?"

"Tarehe iko kwenye karatasi ya bucha iliyofungia nyama, ngoja nikuangalizie!" Marlys alisema kwa furaha, akakimbilia pipa la taka.